Fungate ya mlimani: usifuate otone ya wengine, fuata mvua ya kwetu



Kisha arusi yetu, watu wengi waliniandikia wakiuliza swali moja: «Ni kweli mulienda kupanda mulima kwa fungate? Mulifanya namna gani?» Wengine walikuwa wanacheka, wengine wako na arusi karibu na wanataka kujua bei. Nimeona afazali nijibu wote mara moja. Nitaeleza tulivyopanga, fasi tulikosea, na kile ningefanya ingine namna leo. Makosa yenyewe ni mawili makubwa, na yote mawili ni yangu. Bibi yangu amesoma andiko hili mbele yenu na amekubali.

1. Wazo lilitoka wapi

Mimi na bibi yangu tunaishi Butembo. Yeye anafundisha biolojia kwenye masomo ya sekondari, mimi ni mwagronomu. Tulikuwa tumeweka arusi mwezi wa kumi. Familia mbili zilikubaliana hivyo, mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa, na hakuna mtu angeigeuza tarehe.

Siku moja binti ya shangazi yangu, mwenye kuishi Québec, alituma picha. Yeye na bwana yake wako kwenye milima ya kule, miti yote ni myekundu na ya rangi ya chungwa, jua limetulia, hakuna tope. Akaandika: «Mwezi wa kumi ndio muzuri kupita yote juu ya kutembea mulimani. Hakuna joto, hakuna wadudu.» Bibi yangu akaangalia ile picha muda murefu, kisha akasema: «Sisi pia tuko na mulima.»

Ni kweli. Sisi tuko na Ruwenzori. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Ni cha tatu kwa urefu Afrika nzima, kisha Kilimanjaro na mulima Kenya, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita pale pale. Maana yake ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Kongo. Na wengi wetu tunaolala chini yake hatujakanyaga hata kwenye magoti yake. Mwaka 1906 mwana wa ufalme wa Italia, Luigi Amedeo, alipanda mpaka juu na kuacha kule jina la malkia wao. Sisi tunasoma jina lile kwenye jeografia ya shule, tunapata pointi, tunasahau.

Basi tukasema: arusi mwezi wa kumi, na wiki ile ile fungate mlimani, kama binti ya shangazi. Hapo ndipo kosa la kwanza lilianza.

2. Kosa la kwanza: otone ya kukopa

Nilikaa kwenye telefone siku tatu nikisoma mashauri ya watu wa Ulaya na Marekani: fungate ya otone mlimani, nguo gani, njia gani. Nikaanza kuandika programu. Kwa kuwa nilitaka kumwandikia mwenzangu mmoja wa Tanga, tuliyesoma naye Kampala, nilitafuta «automne» kwenye kamusi. Ikaniambia: vuli. Nikamwandikia kwa furaha kwamba tunaenda fungate ya vuli mlimani.

Alinijibu kwa sauti, anacheka. «Ndugu yangu, vuli kwetu ni mvua! Unampeleka bibi harusi akaloane?»

Nikanyamaza. Kwa watu wa pwani, masika ni mvua kubwa za mwezi wa tatu mpaka wa tano, na vuli ni mvua za mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Kamusi ilichukua jina la mvua ikalivalisha majani mekundu ya Ulaya. Na mimi, mwagronomu, mwenye kuambia wakulima kila mwaka siku ya kupanda maharagwe, nilikuwa nimesahau kila kitu nilichosoma juu ya picha moja.

Tuieleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo mpango wote unasimama. Otone inatokea kwa sababu dunia imeinama. Mwezi wa tisa nchi za kaskazini zinaanza kugeuka kando ya jua, siku zinafupika, baridi inakuja, na miti inaacha majani yake ili kupitisha wakati mugumu. Butembo iko karibu kabisa na ikweta. Siku yetu ina saa kumi na mbili mwaka muzima, na miti yetu haina sababu ya kuogopa giza. Kwetu kinachogeuka ni mvua. Jua linapita juu ya ikweta mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa. Pale linapopita, hewa inapata moto, inapanda, inageuka mawingu, na ukanda wa mvua unalifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Ndiyo maana tuko na vipindi viwili vya mvua: mwezi wa tatu mpaka wa tano, na tena mwezi wa tisa mpaka katikati ya wa kumi na mbili.

Sasa chukua hayo, uyapeleke Ruwenzori. Ni mulima unaopata mvua hata kwenye kiangazi. Wakati wa mvua yenyewe, njia inakuwa muto, mabonde ya juu yanakuwa matope ya kufika kwenye magoti, na mawe yanateleza kama sabuni. Watu wa Kilembe, upande wa Uganda, wanajua kile mulima unaweza kufanya: muto Nyamwamba ulifurika mwezi wa tano mwaka 2013 na tena mwezi wa tano mwaka 2020, ukabeba nyumba na kuharibu hospitali.

Wakati muzuri kwa Ruwenzori ni mbili: mwisho wa mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, na mwezi wa sita mpaka wa nane. Mwezi wa kumi wa binti ya shangazi ni muzuri kwake. Kwetu ni mwezi wa kukaa chini na kupanda maharagwe.

3. Fungate inaweza kungojea

Tulikuwa na njia mbili: kuacha mulima, ao kuacha wazo kwamba fungate ni lazima ianze asubuhi ya kisha arusi.

Fungate lenyewe ni neno la zamani la saba: siku saba za maarusi kukaa pamoja. Lakini nani kati yetu mwenye kazi anapata siku saba? Mimi nilipewa siku mbili za kazi juu ya ndoa yangu. Bibi yangu alikuwa na wanafunzi wa kidato cha mwisho. Kama tungelazimisha, tungeenda na uchovu wa arusi, madeni ya sale, mvua, na hofu ya kufukuzwa kazi.

Tukagawa. Kisha arusi tulilala siku mbili kwenye nyumba yetu, telefone zimezimwa, mlango umefungwa. Wakaja kubisha, hatukujibu. Kisha safari yenyewe tukaiweka likizo ya Noeli, tarehe 27 ya mwezi wa kumi na mbili. Kungojea miezi miwili kulituletea faida ambayo hatukuifikiria: tulianza kutembea. Kila siku ya posho asubuhi tulipanda vilima vya Butembo saa mbili, kisha saa tatu, na mizigo kwenye mgongo. Majirani walifikiri tumepoteza akili. Lakini siku ya mulima miguu ilikuwa tayari.

4. Mama

Hapa niseme kitu ambacho hakiko kwenye mashauri ya Ulaya.

Mama ya bibi yangu alizaliwa karibu na Mutwanga, chini ya mulima, upande wetu wa Kongo. Tulipomueleza mpango, aliweka kikombe chini. Akasema:

«Munaenda ku mulima kufanya nini? Shiye tulikimbilia kule juu ya vita. Tulilala mu baridi na batoto ku mugongo. Nyinyi munatoa dola juu ya kwenda kulala kule?»

Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini? Kwamba ni spori? Bibi yangu ndiye alijibu, polepole: «Mama, ni juu ya ile nataka kwenda. Nijue ule mulima fasi ingine, hapana ya kukimbia tu.» Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza tu njia gani tutapita.

Njia ya zamani ya upande wetu inaanzia Mutwanga yenyewe, ndani ya mbuga ya Virunga iliyoundwa mwaka 1925. Watalii walikuwa wanapandia pale. Leo, kwa usalama ulivyo kwenye sehemu ile, hatukuifikiria hata dakika moja, na sitamshauri mtu. Kupanda mulima ni raha. Raha haiombwi kwa damu. Kwa hiyo tulipitia Uganda: Butembo, Beni, Kasindi, kuvuka mpaka Mpondwe, kisha Kasese. Wakonzo wa upande ule ni ndugu zetu, luga yao na Kinande vinasikilizana, mpaka ulikuja ukawakuta.

Barabara ya Beni mpaka Kasindi, kilometre kama 80, munaijua. Tuliweka kanuni moja kabla ya kutoka, na tukaiandika kwenye karatasi: tarehe haiamuru, barabara ndiyo inaamuru. Na tukaweka siku moja ya akiba kwenye programu, siku tupu, bila kazi.

Ile siku ilitusaidia. Tulipofika Beni, dereva alirudi kutoka stasyo akasema: «Leo hapana.» Hakueleza sana. Mimi nilikuwa nafikiri tu avansi tuliyokwisha kulipa Kasese. Nikaanza kubishana, nikitafuta gari ingine. Bibi yangu alinishika mkono: «Tuliandika nini?» Tulilala Beni. Kesho yake gari zilitoka, na sisi tukatoka nazo. Kule Kasese walikuwa wanatungojea, tulikuwa tumewaambia mapema kwamba siku moja inaweza kupotea. Kama ungepanga safari hii bila siku ya akiba, ungejikuta unachagua kati ya feza na uhai, na kichwa cha mtu aliyekwisha kulipa hakichagui vizuri.

5. Karatasi na feza

Karatasi kwanza. Peleka paspoti yenye muda wa kutosha na kadi ya manjano ya chanjo. Masharti ya mpaka yanageuka, basi pita kwenye ofisi ya DGM wiki mbili mbele, uliza wewe mwenyewe. Usifuate maneno ya mtu aliyevuka mwaka uliopita. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wakati wa kulipia mbuga, uliza kama bei ya raia wa jumuiya inakuhusu na uonyeshe paspoti. Usiogope kuuliza. Franka unayookoa pale ni ya kwako.

Sasa feza. Kwetu arusi iko na komite, na komite inapenda vitu vinavyoonekana: keki ya gorofa tano, gari tatu za kukodi, nguo za kubadilisha mara mbili. Tulienda kwa prezida wa komite mbele ya wakati, na heshima, tukaomba vitu viwili. Kwanza, keki ya gorofa mbili. Pili, mwenye kutaka kutuletea blenda ao sahani, tafazali aweke ile feza kwenye bahasha ya safari. Wazee wengine walikasirika kidogo. Tulipokea blenda nne hata hivyo. Lakini bahasha ilipatikana, na hatukukopa.

Kanuni yetu ni hii: fungate isilipwe na deni. Ukianza nyumba na deni la picha, kila picha itakukumbusha mwenye kukudai.

Bahasha ndiyo iliamua njia. Kupanda mpaka Margherita kunaomba siku saba ao nane, kamba, vyuma vya miguuni vya kutembea kwenye barafu, na bei ya mtu mmoja ilipita bahasha yetu yote. Njia ya kuzunguka mulima, ya kutoka Nyakalengija, nayo ni ya wiki nzima. Tukachukua njia ya Kilembe, mji wa mgodi wa shaba uliofungwa mwaka 1982, na tukasema tutafika tu kwenye jiwe la Mutinda, mita 3,975, kisha turudi. Siku ine, usiku tatu. Hakuna barafu pale, lakini kuna mulima wa kutosha.

Ndani ya mbuga hauendi peke yako. Kiongozi ni lazima, na wachukuzi wanabeba chakula na mizigo. Hesabu zawadi yao tangu nyumbani, uiweke kwenye bahasha ingine usiiguse. Wale watu ndio wanapika, wanaosha sufuria kwa maji ya baridi, na kukubeba kama mguu umevunjika. Si muzuri kufika mwisho na kusema feza imekwisha.

6. Kosa la pili: usiku mmoja tuliouiba

Sasa tufike kwenye kosa lenyewe.

Kiongozi alitupa mpango: usiku wa kwanza Sine, mita 2,596. Usiku wa pili Kalalama, mita 3,147. Usiku wa tatu Mutinda, mita 3,588. Kisha jiwe, na kurudi chini kwa siku mbili. Mimi niliangalia bei nikasema: Kalalama tuipite tu, tulale Sine kisha Mutinda moja kwa moja. Tunaokoa siku mbele, usiku wa tatu tunalala Sine tukirudi. Kiongozi aliniuliza mara mbili kama niko hakika. Nikasema sisi ni watu wa milima, Butembo yenyewe iko juu.

Muangalie hesabu ile ambayo sikuifanya. Kanuni ya watu wa milima ni kwamba, ukishapita mita 3,000, fasi ya kulala isipande zaidi ya mita kama 500 kwa usiku mmoja. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi. Kutoka Sine mpaka Kalalama ni mita 551, na unavuka 3,000 kidogo tu. Kutoka Kalalama mpaka Mutinda ni mita 441. Mpango wa kiongozi ulikuwa ngazi mbili sawasawa. Mpango wangu ulikuwa mita 992 kwa ruko moja. Na hewa haiulizi kama uko na lisansi.

Siku ya kwanza ilikuwa furaha. Pori kubwa, nyani wanapiga kelele, kinyonga mwenye pembe tatu kwenye tawi. Siku ya pili tulipita mianzi, kisha miti inayovaa ndevu ndefu za kijani, kila kitu kimeloana na kimenyamaza. Bibi yangu, mwalimu wa biolojia, alikuwa anasimama kwenye kila lobelia kama mtoto dukani. Lobelia ile ya kwetu ya bustani ni fupi. Ya kule inakupita wewe mwenyewe. Alinieleza namna gani inafunga majani yake usiku ili kulinda moyo wake na baridi. Mimi nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo. Kichwa kilikuwa kimeanza kuuma tangu saa nane, na nilikuwa nimeamua kutosema.

Jua lilizama, baridi ikashuka. Hesabu ya kawaida ni kwamba kila mita 1,000 unazopanda, unapoteza digri kama sita. Ukitoka Kasese na jasho, Mutinda usiku unakaribia sufuri. Chakula kililetwa: wali, maharagwe, chai ya moto. Nikasema nimeshiba. Bibi yangu akaangalia sahani, kisha akaniangalia mimi.

«Unaumwa kichwa tangu saa ngapi?»

«Haiumi.»

«Nakuuliza saa ngapi.»

Ndugu zangu, tulikuwa na miezi miwili na nusu ya ndoa, na uongo wangu wa kwanza ndani ya nyumba yetu ulikuwa ule, kwenye mita 3,588. Nilikuwa naogopa aibu. Nilifikiri mwanaume ndiye anapaswa kuuliza bibi yake kama amechoka, hapana kuulizwa. Kiongozi alikuja, akaniuliza na mimi maswali: unatapika? unaona kizunguzungu? simama, tembea kwenye mustari mumoja. Nilitembea sawa. Akasema: usiku huu unakunywa maji na unalala, kesho haupandi hata hatua moja, kama usiku inazidi, tunashuka na tochi, hata saa saba ya usiku.

Mujifunze dalili hizi, ni bure. Kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida: ni mulima unakupa onyo. Usipande tena mpaka ziishe. Zikizidi, shuka. Na kama mtu anatembea kama mlevi, anasema maneno yasiyo na maana, ao anakosa pumzi hata akiwa amekaa, hakuna kungojea asubuhi: anashushwa saa ile ile. Kuna dawa za kusaidia, lakini hizo uliza munganga mbele ya safari, hasa kama uko na pumu, shinikizo la damu, ao kama bibi anafikiri ana mimba. Na kila mmoja amwambie mwenzake ukweli wa mwili wake kabla ya kulipa avansi.

Asubuhi kichwa kilikuwa kimepungua, lakini hakikuisha. Tukaamua hivi: mimi nabaki kambini na mupishi, bibi yangu anaenda kwenye jiwe na kiongozi. Alisitasita. Nikamwambia aende. Fungate yetu, basi, bibi arusi alipanda mulima na bwana arusi alibaki kumenya viazi. Aliporudi alikuwa na tope mpaka kiunoni, midomo imekauka, na uso ambao sijauona hata siku ya arusi. Alikaa karibu yangu, akanionyesha picha, akasema: «Mwaka ingine unalala Kalalama.» Kisha tukashuka mpaka Sine, na kufika kule chini kichwa kilikuwa kimeisha kabisa. Mulima hauna hasira na mtu. Uko na hesabu tu.

7. Mufuko

Kwa ufupi, vitu vilivyotusaidia. Bote za mpira, zile za shamba. Viatu vizuri vya dukani vilikufa siku ya kwanza. Soksi nzito tatu. Nguo za sufi ao za nailoni kutoka mitumba ya sokoni, hapana jinzi: jinzi ikiloana inakuwa nzito na inakunyang'anya joto. Koti ya mvua ya kweli. Kofia ya baridi. Tochi ya kichwa. Kila kitu ndani ya sashe ya plastiki, kisha ndani ya mufuko. Mafuta ya jua, ndiyo, hata sisi wenye ngozi nyeusi: midomo inapasuka. Bibi yangu ameomba niongeze: wadada, bebeni vitu vyenu vya mwezi hata kama tarehe iko mbali, mwili unaweza kugeuza tarehe kule juu. Na waambieni watu wa nyumbani siku gani mutarudi, kwa sababu rezo inakosekana, na mama anayengoja simu hatulii.

8. Kama unataka kwenda, usichelewe sana

Neno la mwisho la hesabu. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilikuwa inafunika zaidi ya kilometre 6 za mraba, juu ya milima sita ya safu ile. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki kama kilometre moja tu, na inaendelea kuyeyuka. Wazee wetu waliiita nzururu, na kwao kule juu ni makao ya Kitasamba. Watoto wetu watasoma kwamba ikweta ilikuwa na barafu, kama sisi tulivyosoma jina la Margherita. Sisi wawili hatujaigusa bado. Tumeanza bahasha ingine.

Tuliporudi tulipita kwa mama. Bibi yangu alimuonyesha picha zote, moja moja: lobelia, ndevu za miti, mimi na viazi vyangu. Mama alicheka pale kwenye viazi. Ilipofika picha ya juu ya jiwe, akaleta telefone karibu na macho.

«Na upande wetu, muliuona?»

Bibi yangu akasema hapana. Kutoka pale unaona Kasese na ziwa George chini. Kongo iko nyuma ya mgongo wa mulima.

Mama akamrudishia telefone. «Basi hamuyafika,» akasema, na akaenda kuweka maji ya chai kwenye moto.